Akina Mama wa Genkuru Walipokuja Kuona Tembo

Asubuhi ile ilinikuta nimekaa kwenye kichanja pembeni mwa shamba letu, tochi mkononi, betri zimekwisha. Mama alikuwa chini, ameegemea nguzo, debe tupu alilokuwa akiligonga limelala mapajani mwake. Tulikuwa tumekesha tukilinda mahindi yaliyobaki, na yaliyobaki hayakuwa mengi. Usiku mmoja kabla ya huo tembo walikuwa wameingia, sisi tuko ndani tumelala, kwa sababu tulishakesha siku kadhaa mfululizo na hawakuja. Ndivyo walivyo. Ukiwasubiri hawaji. Ukipumzika kidogo, unaamka unakuta njia pana katikati ya shamba, kana kwamba trekta limepita.

Mahindi yalikuwa yamekwisha kukomaa na kuanza kukauka. Mama alikuwa ameshapasafisha mahali pa kuyaanika.

Nilishuka nikiwa nimekufa ganzi miguuni. Kazi yangu ni kuongoza wageni hapa Robanda na maeneo ya jirani, na siku hiyo nilikuwa na kundi. Nilimwambia mama. Hakuinua hata uso.

"Kundi la kwenda wapi?"

"Kwenye magofu ya ngome, halafu hifadhini."

"Hifadhini wanakwenda kuona nini?"

Alikuwa anajua.

"Haya, wasalimie," mama akasema. "Waambie upande wa mtama hawakuumaliza."

Mama yangu hakuwa mtu wa mizaha. Alipozungumza hivyo nilijua amechoka kupita mimi. Nikaenda nyumbani, nikajimwagia maji ya baridi, nikavaa shati langu la kazi la rangi ya kaki, nikanywa chai bila kitu, nikatoka kusubiri barabarani.

Kundi lenyewe lilikuwa la akina mama wa kanisa kutoka Genkuru, upande wa Tarime, kule karibu na mgodi wa dhahabu. Mwenyekiti wao alikuwa amenipigia simu mara nyingi hata sauti yake niliijua kabla sijamwona. Alitaka kujua kama kuna choo, kama simba anaweza kuruka dirishani, kama wanaruhusiwa kuimba. Nilimjibu kwamba kuimba wangeimba njiani, ila tukishafika kwenye wanyama iwe kimya. Akasema kimya kitakuwa shida, lakini atawaambia.

Walifika katika basi dogo aina ya Kosta lililokuwa jekundu kwa vumbi, wanaimba. Walikuwa wameondoka kwao alfajiri, wakapitia Mugumu, na bado walikuwa na nguvu za kuimba. Wote walivaa vitenge vya sare. Mwenyekiti alishuka wa kwanza, mwanamke wa makamo, mnene, anayezungumza kama anayeita mtu aliye ng'ambo ya mto. Akanikumbatia. Nyuma yake, kiti cha mbele kabisa, alikuwa amekaa bibi mmoja mwembamba mwenye fimbo, mkubwa kuliko wote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye utakayetuonyesha tembo?"

"Ndiye mimi."

Alinitazama macho, akanitazama mikono. "Unaumwa?"

"Hapana, bibi. Sikulala vizuri tu."

"Una mtoto mchanga?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, hakuuliza tena. Dereva, mwanaume wa Sirari anayezungumza Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka, alikuwa na wasiwasi wake mwenyewe. "Madam, tutoke mapema, sawa? Sitaki giza itupate kwa njia. Hiyo barabara ya kurudi ni noma." Nikamwambia tutatoka mapema. Wakati huo niliamini hivyo.

Tulianzia kwenye ngome. Iko juu ya mwinuko, na ukisimama pale unaiona nchi yote imetandazwa mbele yako, nyika na miti na vivuli vya mawingu vinavyotembea. Wajerumani walichagua mahali pazuri pa kutazama watu wengine. Kilichobaki ni magofu, kuta za mawe zilizoanguka nusu, nyasi ndefu katikati, mijusi wakiota jua. Maneno ya pale nimeyasema mara nyingi mno. Mdomo wangu huenda peke yake. Nawaambia jinsi Wajerumani walivyojenga, jinsi vita vya kwanza vya dunia vilivyofika hadi huku, jinsi Waingereza walivyokuja, kisha namalizia na miaka ya baadaye palipokuwa na hoteli ya watalii. Kwa kawaida huku nikisema ninaweza kufikiria mambo ya nyumbani na hakuna anayegundua.

Siku hiyo waligundua. Nilisikia akina mama wanacheka, nikasimama.

"Dada," mwenyekiti akasema kwa upole, "kwanza umesema walijenga Wajerumani. Sasa hivi umesema walijenga Waingereza, wakaja Wajerumani kuwafukuza."

"Wajerumani," nikasema. "Walijenga Wajerumani. Samahani sana."

"Usijali. Wote walikuwa wazungu."

Wakacheka tena, lakini si kwa kunidharau. Yule bibi alikuwa amekaa kwenye jiwe lililoanguka kutoka ukutani, anapitisha kiganja chake juu yake taratibu, kama anayepapasa ubavu wa ng'ombe.

"Mawe haya yalitoka wapi?" akaniuliza.

"Kwenye vilima vya hapa hapa, bibi."

"Nani aliyabeba?"

"Watu wa hapa."

"Watu wa hapa ndio akina nani? Babu zako?"

"Nadhani hivyo. Waikoma, Wanata, na wengine waliokusanywa."

"Na walipokuwa huku wanabeba mawe, mashamba yao yalilindwa na nani?"

Nimewatembeza watu wengi pale, walimu, wanafunzi, wazungu wenye kamera ndefu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

"Wake zao," bibi akajijibu mwenyewe. Akashika fimbo yake, akasimama. "Twende tuone tembo."

Hifadhini tulipokewa na pundamilia karibu kabisa na lango, na hapo ndipo ahadi ya kukaa kimya ilipoisha. Kila dirisha la Kosta lilikuwa na vichwa vitatu. Twiga alivuka barabara mbele yetu kwa mwendo wake wa kiungwana na mama mmoja akapiga kigelegele, mwenyekiti akamfunika mdomo kwa mkono. Walihesabu nyumbu wakachoka. Walibishana kuhusu ngiri, kama ni nguruwe halali wa kuliwa au la. Ilikuwa furaha ya kweli, ya watu ambao hawana siku nyingi za namna hiyo, nami nilisimama karibu na dereva, nimeshika chuma cha kiti, nikijitahidi kutolala kwa kusimama.

Tembo tuliwakuta kwenye kijito. Walikuwa kundi, wakubwa kwa wadogo, wanachuma majani ya mgunga bila haraka. Dereva alizima injini. Ndani ya basi pakawa kimya, sasa kimya cha kweli, hata nikasikia matawi yakivunjika.

Nilianza kama ninavyoanza siku zote. Nilisema kwamba tembo huishi kwa familia, kwamba kiongozi wao ni jike mkubwa, kwamba yeye ndiye anayekumbuka maji yalipo wakati wa kiangazi. Nilisema wanalea watoto kwa pamoja. Wakati nasema, macho yangu yaliwapitia mmoja mmoja. Shambani kwetu kulikuwa na nyayo kubwa na miongoni mwake nyayo ndogo, za mtoto, zimezunguka zunguka kama za anayecheza. Hapo kijitoni kulikuwa na mtoto. Lakini kila kundi lina mtoto. Huwezi kujua. Unaweza kumtazama tembo uso kwa uso na usijue kama ndiye aliyekula chakula chako.

"Jamani, oneni katoto!" mama mmoja akanong'ona. "Kanajificha kwa mama yake!"

Bibi alikuwa amegusa kioo kwa vidole vyake vyote. "Kumbe ni mkubwa hivi," alisema, akarudia tena kwa Kikurya, peke yake.

Mimi ninawapenda tembo. Nilijifunza kazi hii kwa sababu yao. Nikiwa msichana nilipanda juu ya mawe kuwatazama wakipita, na wazee wetu wa Kiikoma walikuwa na heshima zao kwa mnyama huyo ambazo siwezi kuzieleza kwa wageni zikaeleweka. Lakini pale nilipokuwa nimesimama, nilitazama yule jike mkubwa akiinua mkonga, akaleta tawi mdomoni, akatafuna, akatafuna, na maneno yakaniishia. Sikulia. Niliishiwa tu.

"Endelea, dada," mwenyekiti akasema.

"Wanakula sana," nikasema.

Wakangoja. Mwishowe dereva akawasha injini.

Chakula tulikula kwenye eneo la kupumzikia, mahali ambapo wageni wanaruhusiwa kushuka. Akina mama walitandika kanga chini ya mti wakatoa walivyokuja navyo, ugali wa mtama, kuku wa kuchoma, viazi vitamu, maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Walinijazia sahani. Nilikula tonge chache, nikaegemea shina la mti nikisema nitafumba macho kidogo tu.

Niliamshwa na kelele za mabishano. Walikuwa wamesimama duara upande wa pili wa uwazi, na katikati yao bibi alikuwa ameinama, anachokonoa kitu kwa fimbo. Nilikimbia nikidhani ni nyoka. Lilikuwa rundo la kinyesi.

"Hiki ni cha tembo?" bibi akaniuliza.

"Ndiyo, bibi. Wanapita hapa usiku."

"Na tembo wenu siku hizi analima?"

Wengine wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akasogeza fimbo, akapasua rundo, na ndani yake punje zikaonekana, za njano, nzima nzima, zimetapakaa kati ya nyuzi za majani. Akina mama wote wakainama. Hawa walikuwa wakulima. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Ni mahindi," mwenyekiti akasema. "Huku ndani kuna shamba?"

"Hapana. Yametoka vijijini."

"Ya nani?"

Tuna jibu la kuwapa wageni wanapouliza mambo kama hayo. Ni jibu refu na zuri, lina maneno ya kuishi pamoja na wanyamapori na faida za uhifadhi kwa jamii, na mimi mwenyewe nalisema vizuri. Nilifungua mdomo nilitoe, nikasikia nasema kitu kingine.

"Sijui. Labda ni yetu."

Wakanigeukia wote. Ikabidi niseme. Nilisema kwa kifupi, jinsi walivyoingia, jinsi tulivyokuta asubuhi, jinsi mimi na mama tulivyokesha. Nilijaribu kusema kama habari ya kawaida, maana huku kwetu ni habari ya kawaida, jirani yetu yalimpata hayo hayo mwaka uliopita, na afisa wa wanyamapori alishakuja kutupimia shamba na kutupa pole.

Mwenyekiti alikuwa ameshika kiuno. "Na tangu asubuhi unatusifia hao hao?"

"Ndiyo kazi yangu, mama."

"Mama yako yuko wapi sasa hivi?" bibi akauliza.

"Shambani."

"Na nani?"

"Peke yake."

Bibi akapangusa ncha ya fimbo yake kwenye nyasi, pande zote mbili, kwa uangalifu. Kisha akamwita dereva aliyekuwa amelala chini ya kivuli cha gari. "Mura! Kijana, amka. Tunakwenda kuhani."

Nilikataa. Nilisema ratiba bado haijaisha, kuna viboko hatujawaona. Nilisema nyumbani hakuna chochote cha kuwakaribisha. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mwongozaji hapeleki wageni kwake. Mwenyekiti alikwisha kukunja kanga. "Viboko wataendelea kuwepo," alisema. "Na sisi tumeshakula. Kwetu mtu akifikwa hatungoji kualikwa." Dereva alilalamika kuhusu giza na barabara, akalalamika mpaka tukatoka langoni, na hakuna aliyemjibu.

Mama alikuwa ameinama shambani tulipofika. Aliliona basi, akawaona wanawake wanashuka na vitenge vyao vya sare, akaniangalia mimi. Nilimkaribia haraka ili nieleze kabla hawajafika.

"Umewaleta kuona nini?" akasema. Hakupaza sauti. "Wamekwisha kuona tembo, sasa wamekuja kuniona na mimi?"

Nilisimama kati ya mabua yaliyolala, najuta tangu kichwani hadi miguuni. Bibi akanipita. Alitembea polepole, anaweka fimbo kwanza ndipo anaweka mguu, mpaka akafika mbele ya mama. Wakasalimiana. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, na Kiswahili cha wote wawili ni cha kujifunzia sokoni.

"Pole," bibi akasema. "Nionyeshe."

Mama alisita. Kisha akageuka, akaanza kutembea, na bibi akamfuata. Walilizunguka shamba lote wawili. Kwa mbali niliona mkono wa mama ukinyooka, huku, kule, bibi akitikisa kichwa. Sisi wengine tulibaki tumesimama kama watu walio nje ya nyumba ya mgonjwa. Waliporudi, uso wa mama ulikuwa ule ule, ila alikuwa anazungumza, anaeleza habari za mbegu.

"Haya yaliyolala chini mchwa watayala," bibi akawaambia wenzake. "Yavunwe leo."

Akina mama wakajifunga kanga viunoni. Hakukuwa na hotuba wala sala. Waliingia mistarini kama walivyozoea kwao, wengine wanavunja mahindi, wengine wanamenya, wengine wanabeba kwenye vitenge vile vile vya sare. Mwenyekiti alianza wimbo, safari hii wa chini, wa kazi. Mama alikuwa mbele anawagombeza. "Si hayo, hayo bado mabichi! Wewe mama, utaniharibia, acha hayo!" Nao wakaitika na kuendelea.

Nami nilitaka kuvuna. Nilivunja hindi la kwanza, la pili, halafu nikajikuta nimepiga magoti bila kukusudia. Bibi, ambaye hakuwa anavuna, aliyekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanielekeza basi kwa fimbo.

"Nenda kakae mule."

"Bibi, ni shamba letu."

"Najua ni lenu. Nenda kakae."

Nilikaa kwenye kiti cha nyuma. Hicho ndicho kitu cha mwisho ninachokumbuka. Mavuno yetu ya mwaka ule, yale yaliyookolewa, yalifanyika mimi nikiwa nimelala, mdomo wazi, shavu kwenye kioo, na sikuyaona.

Dereva ndiye aliyeniamsha. Jua lilikuwa limekaribia kuzama. Shati lake lilikuwa limejaa vumbi la mabua, nikaelewa kwamba na yeye aliingia shambani. "Madam, umelala kama maiti," akasema. "Tulikuita ukakataa."

Mahindi yalikuwa yamerundikwa chini ya paa la jikoni. Lilikuwa rundo la wastani. Nilikuwa nimeona marundo makubwa zaidi katika nyumba ile, na machache madogo kuliko lile. Akina mama walikuwa wananawa mikono kwa zamu. Mama alikuwa akimfukuza jogoo wetu uani, akamkamata, akamfunga miguu, akampelekea bibi. Wakavutana. Bibi alikataa, mama akakasirika, akamweka jogoo mwenyewe ndani ya basi chini ya kiti na kumwambia dereva amtazame asije akakanyagwa. Waliondoka wakiimba, jogoo naye akipiga kelele ndani.

Mwenyekiti alinipigia baadaye kuniambia wamefika, pancha moja tu, kabla ya Mugumu. Akaniuliza kama nimelala. Nikamwambia nimelala. Akasema mwaka ujao watakuja kuona viboko.

Sitaki kusema kwamba mambo yalitengenea. Mama alikaa siku nzima akimenya yaliyobaki na kunung'unika kwamba wale wanawake wanavuna vibaya, wanaacha mahindi mashinani, na huko kwao pengine wanalima kokoto. Mahindi yalitufikisha mahali, kisha yakaisha, tukanunua ya watu kama wengine. Mimi nilirudi kazini, nikasimama tena pale kijitoni na kusema habari za jike kiongozi, na safari hii wageni hawakujua lolote, wakapiga picha.

Msimu uliofuata ulipokaribia mama alikataa kulima pale. Alisema hawezi tena kulala juu ya kichanja, mgongo umekataa. Mdogo wake anaishi Kenyamonta, mbali kidogo na mpaka wa hifadhi, akampa kipande. Basi mama akahamia huko wakati wa kilimo, akachukua jembe lake na sufuria mbili, na shamba letu la Robanda likaota majani. Nikirudi kutoka kazini jioni nakuta nyumba imefungwa. Napika kidogo, nakula nimesimama.

Alinipigia simu mahindi yalipoanza kutoa mbelewele. Nikamuuliza hali ya huko. Akasema mvua nzuri, udongo mzuri, watu si wabaya, ila kuna nyani. Wanakuja mchana, kundi zima, na wanachagua.

"Pole, mama," nikasema.

"Pole ya nini?" akasema. "Nyani ukimrushia jiwe anakimbia."